Upepo wa Gari Lililojaa

Kwetu Oktoba ikiingia, mji mzima hukumbuka matairi siku ile ile moja, kana kwamba baridi ni habari iliyotangazwa jana. Tulivyolelewa ni matairi ya baridi, yale ya kushika theluji, toka Oktoba hadi Pasaka, na asiyefuata hutazamwa na majirani kama mtu aliyetoka nje na nguo za kulalia. Mimi Silke ndiye ninayewafungia. Matairi ya baridi ya wateja hulala stoo ya gereji yetu kiangazi kizima, kila seti na jina la mwenyewe, na nikiyashusha huwa nawajua wenyewe kabla hawajafungua mdomo: huyu ana papara, huyu anaogopa kona, huyu hupanda ukingo wa barabara kila akiegesha, halafu hukana.

Eckhart Wiemann ni seremala wa milango, mgane tangu mwaka juzi, mtu wa maneno machache. Gari lake ni stesheni wagoni jekundu la spoti. Mkewe Gudrun alitaka gari la kubeba watoto na mizigo, yeye akataka gari la mbio, wakakutana hapo katikati. Sijaona ndoa nyingine iliyokubaliana vizuri hivyo.

Asubuhi ile niliposhusha matairi yake nilijua hayarudi barabarani. Alipofika nikamwambia pale pale, maana sina kipaji cha kuzungukazunguka.

"Bwana Wiemann, haya yamekwisha."

"Yamekwisha vipi? Mimi sikimbizi gari."

"Najua hukimbizi. Inama uone." Pembeni meno yalikuwa bado yamesimama vizuri. Katikati palikuwa kipara. "Tairi likilika katikati tu, limejazwa upepo kupita kiasi. Nani anakujazia?"

"Mwenyewe. Kila Jumamosi, nikishaosha gari." Akakunja uso, kama nimemwambia milango yake inapinda. "Najaza kama inavyotakiwa kwa gari lililojaa watu na mizigo."

"Kujaa? Kwani unambeba nani?"

"Heike na mumewe, Jörn. Na wajukuu wawili."

Heike ni binti yake, anaishi kusini, mbali. Niliuliza kwa utani tu, lakini mdomo wangu ukishaanza hausimami. "Mara ya mwisho uliwabeba lini?"

Akafikiri kwa uaminifu kabisa. "Walikuja kwenye mazishi ya Gudrun," akasema. "Ila walikodi la kwao."

Nikaenda kuleta matairi ya kumwonyesha. Huko stoo nilisimama kidogo bila sababu. Miaka miwili, kila Jumamosi, mtu anainamia gurudumu moja baada ya jingine, anajaza upepo kwa ajili ya watu wasiokuwemo. Ilinichoma, sitaki kusema uongo.

Nikampangia aina tatu. Mapana ya spoti, magumu, yanayoshika lami kama kucha. Ya milimani, laini, yaliyotengenezwa kwa theluji na gari zito. Na ya majira yote, unayafunga mara moja na kusahau.

"Hayo ya mwisho yaondoe," akasema. "Ni ya watu waliokata tamaa."

"Ni ya watu wanaokwenda kazini na dukani wakarudi. Wewe milimani unakwenda?"

"Krismasi. Nimeshakodi kibanda cha mapumziko. Kina vitanda vitano."

"Heike anajua?"

Akaanza kupapasa simu mfukoni. "Ngoja nimpigie. Simuulizi kama anakuja, ehe. Namuuliza matairi."

Heike akapokea. Wazee wa kwetu huongeza sauti ya simu mpaka mwisho, kwa hiyo nilisikia kila neno.

"Baba! Kuna nini, unaumwa?"

"Siumwi. Niko kwa Silke, nachagua matairi. Eti, watoto bado wanatapika kwenye kona? Maana kuna magumu, na kuna laini."

"Matairi? Baba, niko kazini."

"Ni ya safari ya Krismasi. Ya kule kibandani."

Nikajifanya nafuta rimu iliyokwisha kung'aa.

"Baba, si tuliongea? Tunakwenda kwa wazazi wa Jörn. Watoto wameshazoea kule."

"Aa. Ndiyo, ndiyo. Nimekumbuka." Hakuwa amekumbuka chochote. Masikio yalikuwa yamemwiva kwa aibu.

"Chukua tu yanayokufaa wewe. Yasiyo na usumbufu. Si uko peke yako?"

Hakusema kwa ubaya. Mtu akiwa kazini maneno humponyoka kabla moyo haujayapitia. Lakini laiti simu ile ingekatika sekunde moja mapema! Mzee akawatumia watoto salamu, akairudisha simu mfukoni, akabaki anayatazama matairi kama mtu aliyesahau alichofuata dukani.

"Ya majira yote basi?" nikamuuliza, kwa sauti niliyojitahidi iwe ya kawaida.

"Ya milimani," akasema. "Yale laini."

"Bwana Wiemann, hutakwenda milimani."

"Nimesema laini, Silke."

Nikamkasirikia yeye, nikamkasirikia Heike, nikajikasirikia na mimi kwa kupenda kuuliza. Nikaweka jeki nikafunga. Yeye alisimama pembeni muda wote, mikono nyuma, akisifu kazi yangu kwa kutikisa kichwa. Nilipolishusha gari chini nikachukua mpira wa kujazia upepo, na kwa mara ya kwanza toka nimjue niliogopa kumuuliza mteja swali la kazi.

"Nijaze wa gari lililojaa?"

Akafungua mlango wa dereva, akavaa miwani, akainamia kile kibandiko cha vipimo viwili vya upepo kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango.

"Huu mdogo ni wa watu wangapi?"

"Mpaka watatu."

"Na wa mmoja?"

"Wa mmoja haupo."

Akakitazama tena, akapitisha kidole juu yake taratibu, kama huenda kuna mstari uliofutika.

"Hawakuandika?"

"Hawakuandika."

"Basi nijazie wa watatu," akasema, akasogea kunipisha.