Gunia la Marehemu

Kwenye mashine ya kukoboa mpunga iliyo nyuma ya soko, mtunza ghala alikuwa mwanamke ambaye kila mtu alimwita Shangazi, hata waliomzidi umri. Kwa miaka kumi na tisa alipokea magunia, akayapanga juu ya chaga yasiguse sakafu wala ukuta, akayachoma kwa bambo. Bambo ni kichuma chenye mfereji. Ukilichoma gunia, punje chache hutiririka kiganjani, nawe unajua kama mchele ni mzima au una wageni. Funguo mbili za ghala zilining'inia kiunoni mwake, zikilia kwa kila hatua, hata wapakiaji wakapata muda wa kuamka kabla hajafika.

Mwaka huo wageni walizidi. Fukusi, wale wadudu wadogo wenye pua ndefu, walijaa ghalani kana kwamba wamepangishwa. Mteja mkubwa kuliko wote, mpishi wa shule ya bweni, alirudisha gunia zima akiwa bado amevaa aproni.

"Shangazi, watoto wanasema wali wangu unatembea."

"Umewapa wali na kitoweo ndani yake, bado wanalalamika?"

Mpishi alicheka mpaka akashika mlango. Shangazi naye alicheka, lakini mkono wake ulizishika funguo.

Tajiri, mwenye mashine, alikuwa mtu wa hatua. Hatua yake ya kwanza ilikuwa kumleta shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyehudhuria semina ya siku tatu kuhusu wadudu wa ghala. Siku ya tatu ilikuwa ya kupiga picha. Cheti chake kilitundikwa ofisini ndani ya fremu, mahali ambapo zamani palikuwa na kalenda, na tangu hapo aliitwa Mtaalamu. Wa kwanza kumwita hivyo alikuwa yeye mwenyewe.

Haki yake tumpe: kufukiza alijua. Aliyafunika magunia kwa turubai, akakandamiza pindo zake kwa vifuko virefu vya mchanga, akavaa barakoa, akaweka vidonge vya dawa, akafunga ghala siku tano. Hewa ile ya sumu iliua kila chenye pumzi. Walipofungua, Shangazi alizoa fukusi waliokufa debe zima, akafagia nyufa, akakwangua vumbi lililoganda kwenye tumbo la mashine. Baada ya miezi miwili fukusi walirudi, wamenawiri kama watu waliotoka likizo. Wakafukizwa tena, wakarudi tena. Mara ya tatu, vilevile.

"Wamezoea dawa," alisema Mtaalamu.

"Wamemzoea mtu," alisema Tajiri. "Shangazi, umechoka. Tunafukiza mara ya nne. Wakirudi, funguo nampa Mtaalamu, wewe utahamia kwenye pumba."

Kwenye pumba ni uani, juani, unashindilia makapi ya mpunga kwenye viroba huku vumbi likikusaga koo. Hakuna anayekuuliza lolote huko, na wewe huwezi kujibu kwa kikohozi.

Sasa, mashine ile ilikuwa na gunia moja dogo lisilouzwa. Marehemu baba yake Tajiri, aliyeianzisha, alilijaza kwa mchele wa kwanza kabisa kutoka mashineni, akaandika kwa rangi nyekundu neno BARAKA, akaliweka kwenye kona ya ndani ya ghala. Kila msimu mpya ulipoanza, kibaba cha mchele mpya kilimiminwa humo mbele ya wafanyakazi wote, wakapiga makofi. Halikuchomwa bambo kamwe. Nani achome baraka? Na kila ghala lilipofukizwa, Tajiri aliagiza gunia litolewe kwanza, kwa heshima, lisije likaingiwa na sumu. Shangazi, aliyeajiriwa na marehemu mwenyewe, ndiye aliyelibeba kifuani mpaka ofisini, ng'ambo ya uwanja, na baada ya siku tano ndiye aliyelirudisha. Kwa upole. Kama mtoto aliyelala.

Siku ya tatu ya ufukizaji wa nne, Shangazi aliitwa ofisini. Akamkuta Tajiri akimvua fukusi kwenye chai kwa kifuniko cha kalamu.

"Wanakimbia ghalani," Mtaalamu alieleza. "Wamesikia harufu ya dawa."

"Wamepita wapi?" aliuliza Shangazi. "Ghala limefungwa mpaka tundu la ufunguo."

Shangazi alitazama mezani, kisha sakafuni, kisha ukutani. Fukusi walikuwa wanakuja mmoja mmoja, bila haraka, kutoka kona lilikoketi gunia. Mara zote zile alikuwa amewatoa nje kwa mikono yake, akangoja mauti yapite, akawarudisha nyumbani.

Alichomoa bambo, akachoma hapohapo. Kiganjani ulimwagika unga wa kijivu, na unga ukaanza kujitawanya kwa miguu yake.

"Shangazi!" Tajiri aliruka. "Unamchoma baba yangu?"

"Mzee simchomi. Nawachoma wapangaji wake. Kila msimu tunawapelekea posho na makofi juu."

"Kwenye semina," alianza Mtaalamu, "suala la baraka halikuguswa."

Tajiri alisema gunia litarudi kwenye kona yake, na mazungumzo yamekwisha. Hapo Shangazi akafungua kamba kiunoni, akaziweka funguo mezani, kando ya ile chai.

"Basi libaki hapa ofisini miezi miwili, karibu na mtoto wake. Fukusi wakionekana ghalani, nitakwenda kwenye pumba mwenyewe, sitasubiri kutumwa."

Tajiri alizitazama funguo, akaona biashara nzuri. Akakubali.

Mwezi wa kwanza, fukusi waliingia kwenye droo. Wa pili, mmoja alijipenyeza ndani ya fremu, akafia juu ya cheti, karibu kabisa na sahihi. Tajiri alihamishia chai yake uani, jirani na pumba, akasema anapenda upepo. Siku ya mwisho alikuja mpishi. Shangazi alichoma magunia kumi mbele yake. Punje zilianguka nyeupe, kavu, na hakuna iliyotembea.

"Wanangu watakosa kitoweo," alisema mpishi, akaagiza magunia thelathini.

Tajiri aliwaita wafanyakazi wote. Alimpongeza Mtaalamu kwa kazi iliyotukuka na kumpa saa ya mkononi. Kisha, kwa sauti ya chini, kama mtu anayerudisha kitu alichookota, akamkabidhi Shangazi funguo. "Lile gunia," aliongeza bila kumtazama, "fanya unavyoona."

Shangazi aliuteketeza ule unga wa kijivu nyuma ya ukuta. Gunia lenyewe alilichemsha, akalifua, akalianika juani mpaka neno la marehemu likasomeka upya, akalitundika likiwa tupu kwenye kona yake ghalani.

Msimu ulipoanza, kibaba kilimiminwa humo mbele ya watu wote, na makofi yakapigwa kama kawaida. Mchana wake Shangazi alikikung'uta, akakipika, akawapakulia wapakiaji, na sahani moja akampelekea Tajiri ofisini.

"Mchele gani huu, mtamu hivi?"

"Wa Mzee," alisema Shangazi. "Kula kabla hawajakuwahi."