Mwalimu wa Mikoa Kumi na Miwili

Monicah Kwamboka alikuja Dubai na cheti chake cha ualimu ndani ya bahasha ya kaki, kana kwamba pale uwanja wa ndege kuna mtu angekiuliza. Alikuwa ameisubiri serikali ya Kenya imwajiri kwa miaka mitano, na serikali haikumwona. Basi akaja kulea watoto wa watu. Cheti akakilaza chini ya nguo kwenye sanduku.

Watu wenyewe ni Waholanzi. Sir Wouter, mtu wa makontena kule bandari ya Jebel Ali, ni mrefu hadi kila mlango anauinamia. Madam Marloes alikuwa na ofisi Freezone, eneo la biashara huru, karibu na uwanja wa ndege. Monicah alimkuta mtoto wao Joris ana miaka mitatu, na Fenna alimpokea akiwa wa wiki mbili, bado hajui kushika kichwa. Miaka sita baadaye watoto hao walijua kila bwawa la kuogelea la Dubai, lakini Uholanzi kwao ilikuwa ni bibi mmoja anayekaa ndani ya kompyuta, anayetoka kila Jumamosi kuuliza mbona wamekonda.

Madam akaona aibu. Akaleta ramani na vitabu, akatangaza kwamba kila jioni atawafundisha watoto kwao. Alifundisha jioni mbili. Ya tatu alisinzia mezani, shavu limelala juu ya mkoa wa Friesland. Monicah akamfunika shuka, akaivuta ramani polepole, akaendelea pale madam alipoachia.

Hiyo ndiyo ilikuwa ajira yake ya kwanza ya ualimu.

Jumapili, siku yake ya kupumzika, alikuwa anakuja kwetu, mtaa wa Al Garhoud, mimi na Caren, tunaofanya kazi hotelini. Alikuja na daftari la mraba. Tulidhani ni hesabu za chama, kumbe ni mpango wa somo, kama alivyofundishwa chuoni: lengo, vifaa, utangulizi, hatua ya kwanza.

"Wewe Monicah," Caren akamwambia, "mkaguzi wa shule atakuja kukukagua hapa Dubai? Kwa ndege gani?"

"Darasa bila mpango ni kelele," Monicah akajibu, akaendelea kupiga mistari.

Kiholanzi hakujua, ila ramani haihitaji lugha. Mikoa kumi na miwili aliwafundisha kwa sauti ya pambio la kanisani kwao Nyamira, na Fenna akawa anapiga makofi kwenye Zeeland kama vile Zeeland imeokoka. Somo la nchi iliyo chini ya bahari alilifundisha kwa sinia la kuokea. Akajenga ukuta wa udongo katikati, upande mmoja akamimina maji, upande wa pili akapanga ng'ombe wa plastiki, migongo yao chini ya usawa wa maji.

"Sasa Joris, nikitoboa hapa?"

"Ng'ombe wanakufa!"

"Nani anazuia?"

"Watu wote! Wanakutana, wanakubaliana, wanapiga maji pampu."

Monicah mwenyewe alikuwa haamini anachofundisha. Alituuliza, kwa huzuni kabisa, watu wenye akili zao wanalalaje usingizi chini ya bahari. Na milima hawana. Kile kilima chao kirefu kuliko vyote, ukikileta Nyamira, mtu angepanda mahindi mpaka juu bila kugundua amepanda kilima.

Desturi nazo alizifundisha zote. Ile ya siku ya kuzaliwa ilimshangaza: Waholanzi hawampongezi mwenye siku peke yake, wanawapongeza wote walio wake, mama, baba, mpaka shangazi. Watoto wakaishika. Asubuhi moja ya Machi wakamjia jikoni, wamechana nywele, wakampa mkono mmoja mmoja.

"Hongera, Monicah, kwa siku ya kuzaliwa ya Evans."

Evans ni mwanawe, yuko Nyamira kwa nyanyake. Siku hiyo alikuwa anatimiza miaka kumi, na Monicah alimwacha ana minne. Sir Wouter naye akatoka chumbani, akainama mlangoni, akampa mkono. Monicah akasema asante, akageukia sinki, akaosha vyombo vilivyokuwa safi tayari.

Mwezi wa nne madam akamweleza jambo. Shule moja ya Uholanzi ingezungumza na Joris kwa kompyuta mwezi wa tano. Wakiona yuko sawa na wenzake, madam angerudi kwao na watoto Julai, na sir angehamia nyumba ndogo Jebel Ali kumalizia mkataba. Wakiona bado, wangebaki wote mwaka mmoja zaidi. Madam alisema hayo akichoma mkate, kwa furaha. Hakuona kwamba anamwambia mtu kazi yake itaisha, na visa yake itafutwa, na Fenna wake ataondoka, na yote hayo yako mkononi mwa mtu huyo huyo.

Sisi tuliona haraka sana.

"Mfundishe vibaya," Caren akasema. "Amsterdam iweke mkoa wa Limburg. Mwaka mmoja, Monicah! Nani atajua?"

"Mtoto atajua."

"Mtoto wa watu huyo."

Wiki ile, Monicah alitukiria baadaye, hakufundisha. Aliwawashia katuni Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Alhamisi Joris akamjia na daftari la mraba kifuani.

"Monicah, umetukasirikia?"

"Hapana."

"Basi mbona hatusomi? Mimi Overijssel bado inanipotea."

Akazima katuni. Tangu siku hiyo alifundisha kama mtu anayekimbizwa.

Siku ya mahojiano alisimama nyuma ya mlango wa jikoni. Mwalimu wa Kiholanzi alipotokea kwenye kioo na kuuliza swali la kwanza, Joris akafanya alivyofunzwa na Monicah, kama mtoto yeyote wa shule ya Nyamira. Akasimama wima, mikono nyuma, akamwamkia mwalimu kwa sauti ya paredi, ndipo akajibu. Kule Uholanzi mwalimu akawa anaona kitovu na shati tu. Madam alikuwa anamwashiria aketi, anakataa. Kitovu kikataja mikoa yote kumi na miwili, na miji yake mikuu, kikaeleza pampu na ukuta. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Akasema mtoto huyu wamlete hata kesho.

Madam akakimbilia jikoni akamkumbatia. "Ni kazi yako hii, Monicah! Ni yako!"

"Asante, madam," akasema.

Joris alisikia wakubwa wakiongea, akaelewa mwenyewe kwamba Monicah haendi. Fenna hakuelewa. Alijua wanakwenda wote, kama wanavyokwenda wote ufukweni. Madam akashindwa kumwambia, akamwachia Monicah: "Wewe wanakusikiliza kuliko mimi. Wewe unajua kueleza."

Juni nzima mwalimu wetu akawa hana mpango wa somo.

"Mwambie unakuja na ndege inayofuata," Caren akamshauri. "Miaka sita huyo. Wiki mbili, khalas, ameshasahau."

"Evans nilimwambia naenda sokoni," Monicah akasema.

Caren akaweka kikombe chini.

"Nilimwambia nitamletea mandazi. Akakaa getini siku tatu, nyanyake anambeba usiku kumrudisha ndani. Alipokuja kuambiwa, alikataa simu yangu mwaka mzima."

Basi safari hii alisema kweli. Jioni ya kabla ya safari, wakipanga midoli kwenye sanduku, akamwambia Fenna kwamba yeye anabaki Dubai. Fenna akaendelea kukunja nguo ya mdoli. Kisha akauliza:

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Tangu wakati wa kuimba?"

"Siyo mwanzoni. Lakini ndiyo, nilijua."

"Na ukaendelea kutufundisha tu?"

Fenna akafunga zipu ya sanduku mwenyewe, na usiku huo hakutaka kuogeshwa.

Kwenye uwanja wa ndege madam alimbusu Monicah mashavuni mara tatu, wanavyofanya wao, akalia. Joris alimshika kiuno mpaka sir akaja kumbandua. Fenna alishika chuma cha mkokoteni wa mizigo kwa mikono yote miwili, uso mbele. Walipopita mlango wa pasipoti, Joris aligeuka mara nne. Monicah alikuwa anangoja Fenna ageuke mara moja tu, na hiyo moja hakuipata.

Sasa analala kwetu, godoro liko kati ya vitanda vyetu, anatafuta kafeel mwingine, mwajiri wa kumdhamini visa, kabla siku zake hazijakwisha. Jumamosi anapiga simu Uholanzi. Joris anasimulia shule na mvua, anasema darasani wanamcheka akisimama lakini mwalimu amemruhusu. Kisha Monicah anaomba kuongea na Fenna, na madam, kwa upole, anasema Fenna yuko bafuni.

Jumamosi ya tano alikuwa bado bafuni.

"Huyo mtoto anaoga jamani," Caren akasema.

Tulingoja Monicah acheke. Alikuwa ameshikilia simu sikioni, ingawa upande wa pili walishakata.