Kopo Zito la Sajini Balangue

Sajini Crisanto Balangue, Santo kwa waliomzoea, alikuwa polisi mpole kuliko wote mjini San Roquito, Ufilipino. Katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kumpiga mtu risasi. Alikamata wezi wa kuku, akarudisha majogoo wa kupigana waliotoroka, na mara moja alimfunga kamba bata bukini aliyemng'ata diwani. Bastola ilimzeekea kiunoni pamoja na kitambi. Mwisho wa mwaka angeikabidhi, achukue pensheni yake, akafuge samaki. Kitambi angebaki nacho.

Sikukuu ya mtakatifu wa mtaa ilipofika, nyumba yake ilijaa wageni, na wageni wakaja na watoto wasioweza kuona droo wakaiacha imefungwa. Kabati la Santo halikuwa na kufuli tangu mkwewe alipokuwa hai. Basi akapata wazo, na maskini aliliona wazo kubwa: akaitia bastola kwenye kopo la aiskrimu, akabana mfuniko, akalizika chini kabisa ya friza. Hakuna mtoto wa Kifilipino anayefungua kopo la aiskrimu akitumaini aiskrimu. Wote walishadanganyika wakiwa wadogo, wakalia, wakakoma. Ndani huwa kuna samaki.

Alichosahau ni mkewe. Nenita alikuwa hajawahi kumruhusu mgeni aondoke mikono mitupu.

Kesho yake asubuhi, akiwa amevaa sare nusu, Santo alifungua friza. Akachimbua barafu. Akachimbua tena.

"Nenita! Kopo la huku chini liko wapi?"

"La samaki?"

"Halikuwa la samaki!"

"Sasa mimi ningejuaje? Nguruwe aliisha, wali uliisha, wageni ningewafungashia nini, soksi zako? Nimempa mtu."

"Mtu gani?"

"Mji mzima ulikuwa hapa, unaniuliza mtu gani! Kwani lilikuwa na nini?"

Akamnong'oneza. Nenita akakaa juu ya gunia la mchele.

"Santo," alisema polepole, "hivi wewe ni mjinga kiasi hicho?" Hakuwa anamtukana. Alitaka kujua.

Saa nne kulikuwa na gwaride la kukagua silaha. Askari aliyepoteza bastola kwa uzembe alifukuzwa, na pensheni ikaenda na maji. Santo alitoka mbio mpaka kwa Pacing, jirani aliyeondoka jana na makopo mengi kuliko watoto wake. Lakini kwao huingii nyumba ya mtu wakati wa chakula ukasema umeshiba. Alikalishwa, akapakuliwa nyama yake mwenyewe ya jana, akala huku jasho likimtoka na roho iko juu. Pacing alimfungulia makopo yote. Samaki, samaki, maharage, samaki.

Simu ikalia. "Nimekumbuka!" Nenita alipiga kelele. "Nilimpa Bibi Consorcia!"

"Mama yake Mkuu wa kituo? Makopo yote yale, kwa nini yeye apewe hilo?"

"Kwa heshima! Ndilo lilikuwa zito kuliko yote!"

Bibi Consorcia alikuwa anafagia kibarazani. Mwanawe, Kapteni Dalisay, alishakwenda kazini, na Santo alishukuru mbingu kwa hilo.

"Shikamoo Bibi. Lile kopo la jana, tumekosea. Samaki wake amechina."

"Marahaba. Samaki wa kwenye friza anachinaje?"

"Alichina kabla."

Bibi akaingia ndani, akarudi amelikumbatia. "Mbona mzito hivi? Samaki gani huyu?"

"Wa mtoni, Bibi. Ana mifupa mingi."

"Haya. Lakini kopo langu sasa hilo. Ulirudishe."

Santo nusura ambusu. Njiani aliikung'uta barafu, akaichomeka bastola kiunoni, na baridi ikampenya mpaka kwenye figo. Aliingia kwenye mstari akiwa wa mwisho, akihema. Pensheni alikuwa ameshaishika kwa mkono.

Kapteni Dalisay alikuja akikagua mmoja mmoja. Alipofika kwa Santo aliichukua bastola, akaigeuza.

"Mbona ya baridi, Sajini?"

"Haijatumika siku nyingi, Afande."

Mstari mzima ulicheka. Kapteni hakucheka. Alichomoa magazini, akamwonyesha. Ilikuwa tupu. Hakukuwa na risasi hata moja, na Santo alikumbuka vizuri kwamba jana aliiacha imejaa. Aliona samaki wake wote, ambao hajawahi hata kuwanunua, wakigeuka matumbo juu.

Kapteni akamsogelea mpaka sikioni, akafungua kiganja. Risasi zilikuwa humo, zimepata joto la mfukoni.

"Jana usiku," alisema kwa sauti ya chini, na kwa uchungu kabisa, "nilitamani aiskrimu."

Santo alizihesabu risasi kwa macho. Zilikuwa zote.

"Niliirudisha kwenye friza nione kama utaifuata. Usingetokea leo, ningekuandikia ripoti ya kukufukuza kwa mkono wangu mwenyewe. Na bado sijaamua."

"Nisamehe, Afande. Ni uzembe wangu mtupu."

Kapteni akammwagia risasi mkononi, moja baada ya nyingine.

"Leo hii nunua kufuli," alisema. "Halafu mama anasubiri kopo lake. Usilirudishe tupu."

"Nitaleta samaki mkubwa, Afande."

"Santo," Kapteni akasema, "ukileta samaki, nakufukuza."