Wivine Alipopelekwa Bruges

Wifi yangu Wivine anauza sambaza, wale dagaa wa ziwani, pale soko la Kituku tangu Kakule, mtoto wake wa pekee, akiwa bado mgongoni. Ni mtu wa makelele. Wateja humsikia kabla hawajamwona. Siku hizi amenyamaza, na soko zima linaulizana kuna nini.

Kakule anaishi Brussels. Ameoa huko na ana binti mdogo, ambaye Wivine alikuwa amemwona kwenye simu tu. Kakule alipowaalika wazazi wake kwa siku chache, Wivine alipagawa kwa furaha. Akakausha sambaza, akanunua kitenge cha kumbebea mjukuu. "Nitalala kwa mutoto wangu," alimwambia kila mtu, hata wasiouliza. "Nitapika kwake." Kwetu mzazi hajafika kwa mtoto wake mpaka apike jikoni mwake. Kaka yangu Donat, mumewe, yeye alinunua kofia tu.

Kakule aliwapokea kwa machozi, kisha akawapandisha treni hadi Bruges, mji mwingine wa watalii. Alikuwa amewalipia hoteli. Kaka anasema mji ni mzuri ajabu: nyumba za matofali za zamani, maji yanapita katikati, farasi wanavuta watalii. Mvua haikukatika. Walitembea chini ya mwavuli mmoja, wakapigwa picha kila daraja.

Jumapili mkwe alikuja na mtoto, wakala wote restorani. Mtoto aliona kitenge, akaogopa, akamkimbilia mama yake. Baada ya saa mbili tu, wakarudi zao.

Jioni ya mwisho, Kakule alipokuja kuwaaga, Wivine hakuvumilia tena.

"Kakule, kwako tunaenda siku gani?"

"Mama, kwangu ni padogo. Na bibi yangu, mama ya mutoto, anafanyia kazi yake palepale nyumbani. Nikasema muone mahali pazuri. Hata mimi sijalala hoteli ya namna hii."

"Sikuomba pazuri. Unilalishe chini, ku sebule."

"Mama, uelewe."

"Mama Kakule, tuache," Donat akasema, akamshika mkono.

Sambaza walimwachia. Alizipokea vizuri, akazifunga ndani ya mifuko mitatu zisinuke.

Mke wake simlaumu, simjui. Namlaumu Kakule, na akinipigia simu nitamwambia. Volkano ilipounguza nyumba zetu, familia nne tulilala kwa mama yake, chumba na sebule, na yeye mwenyewe, mtoto mdogo, ndiye aliyetutandikia mikeka. Leo nyumba yake ni ndogo!

Juzi nilikuwa sokoni. Jeanine, anayeuza karibu na Wivine, alikuwa ametoka safari ya Butembo, hajasikia lolote. Akaja na furaha zake.

"Mama Kakule! Karibu tena! Kule kwa mutoto wako kuko namna gani?"

Wivine hakuinua macho.

"Sijui," akasema. "Mimi nilienda Bruges."