Mawe ya Uwanja wa Ofisi

Majina yao yote ninayo kichwani, hata la mlinzi, hata la karani wa masijala. Siyaandiki kwa sababu wajukuu zao wanasoma na wangu.

Uwanja wa ile ofisi ya ardhi tuliujenga sisi. Enzi za msaragambo, zile kazi za kujitolea, mjumbe wetu wa nyumba kumi alipiga filimbi alfajiri, na sisi wanawake wa Kirumba tukateremka na mawe kichwani. Tuliyapanga mbele ya ofisi ili wananchi wasikanyage tope wakati wa mvua. "Huu uwanja ni wenu, kina mama," alituambia. Mimi nilikuwa na mimba ya kitindamimba wangu, na nilibeba.

Miaka ikapita, biashara ikawa huria, sangara wakaanza kupelekwa Ulaya, na viwanja vya karibu na soko la samaki la Mwaloni vikawa vya kugombaniwa. Siku moja wapimaji wakachomeka bikoni ya mpaka nyuma ya jiko langu. Wakasema mwenye pingamizi apeleke barua ofisini, mwisho Ijumaa saa sita. Mume wangu alishakufa, na nyumba ile ndiyo aliyoniachia. Mwalimu jirani akaniandikia barua, nikaisaini kwa herufi zangu za darasa la pili.

Ijumaa hiyo nikakuta geti jipya. Uwanja umejaa magari.

"Mama, humu siku hizi ni maegesho," mlinzi akasema. "Waenda kwa miguu ni Jumatatu."

"Barua yangu mwisho wake leo."

"Basi ungekuja na gari."

Watu tuliosimama nao nje wakacheka. Na mimi nikacheka, nisije nikalia.

Mara pikapu ikapiga honi. Mjumbe wetu, yule yule wa filimbi, rafiki wa marehemu mume wangu, sasa tajiri wa samaki. "Shemeji! Jua lote hili? Panda."

Mlinzi akafungua geti, akainama mpaka dirishani: "Shikamoo, mama." Mimi huyo huyo! Nikaitikia marahaba.

"Unaona, shemeji? Leo umekuwa mkubwa."

"Mungu akupe maisha, mjumbe."

Nikamweleza kila kitu. Akanyoosha mkono. "Lete. Ngazi zile na magoti yako? Mimi wa huko juu nawajua."

Nikampa. Ndivyo tulivyozoea: barua ya mwananchi haiendi popote bila kupitia kwa mjumbe. Msiba, harusi, mtoto kuanza shule, yote kwake. Hata sikuwaza. Nikabaki kando ya pikapu nikitafuta kwa macho mawe niliyobeba. Moja nililitambua, lenye mstari mweupe, liko chini ya tairi lake.

Akarudi anajifuta jasho. "Tayari. Wamegonga muhuri. Nenda ukalale."

Nikalala miezi miwili. Kisha wakaniletea karatasi: kiwanja si changu, nihame.

Nikaenda mbio ofisini. Mlinzi aliponiona akafungua geti bila kuuliza. "Mama wa pikapu nyeupe, karibu." Karani akafungua daftari la Ijumaa ile, akateremsha kidole mstari kwa mstari.

"Mama, barua yako haipo."

"Aliileta mjumbe wetu." Nikamtajia jina.

Akaligeuza daftari nione. Jina lile ninajua kulisoma, lilikuwa kwenye barua zetu zote. Siku ile ile alikuwa ameleta maombi ya kiwanja. Kiwanja changu.

Nikashuka, nikamkuta uwanjani anafungua mlango wa pikapu.

"Barua yangu uliipeleka wapi?"

"Aa, shemeji, mambo ya ofisi hayo. Panda nikufikishe nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

Akawasha gari. Mimi nikatoka getini kwa miguu. Wanaotoka hawaulizwi.

Nyumba tuliibomoa wenyewe, mimi na wanangu, tofali moja moja, tukayapeleka Misungwi kwa kaka yangu. Msingi ulikuwa wa mawe. Tuliuchokonoa siku mbili, haukung'oka. Huo mjumbe akauchukua.