Fimbo za Mkono wa Kushoto

Mwaka ule niliokuwa namlisha mama, nilichoka mpaka nikawa nasinzia nikiwa nimesimama kwenye foleni ya benki. Mama alikuwa amepata kiharusi, upande wake wote wa kulia ukalala. Mguu ulirudi kidogo kidogo. Maneno yalirudi yote, pamoja na yale ambayo ningependa yabaki huko huko. Mkono haukurudi. Ule wa kushoto ulikuwa mzima kabisa, unafunga kanga, unafukuza kuku, unanyooshea watu kidole. Ulikatazwa jambo moja tu, kupeleka chakula mdomoni, kwa sababu kwa mama mkono wa kushoto ni wa chooni na mazungumzo yanaishia hapo. Shehe wa msikiti wetu pale Ujiji alikuja akamweleza kwa upole kwamba mwenye udhuru hana lawama. Mama akamshukuru, akamwombea dua, na shehe alipotoka akafumba mdomo kama kawaida.

Basi akawa analishwa na mimi. Mke wa kaka yangu alijaribu, akageuziwa uso ukutani. Jirani alijaribu, akaambiwa ameshashiba. Asubuhi nampa uji, mchana nakimbia kutoka ofisini, jioni nakaa kutoa miiba ya samaki aina ya migebuka mmoja mmoja huku yeye akinihimiza. Nilikuwa afisa mifugo, kazi ya kutembea, na tayari nilikuwa nimekataa safari mbili. Ya tatu mkuu wangu hakuniuliza, alinipa taarifa: Jumatatu naenda Kalinzi kuchanja ng'ombe, siku tano, kulala huko huko. Nilihesabu siku tano za mama kukaa na njaa, nikajua kwamba ama atakula kwa mkono wake, ama mimi sina kazi.

Katikati ya hayo ndipo zilipokuja fimbo za gofu. Mhandisi mmoja wa maji, mgeni wa mikoani, alikuwa anahamishwa na anagawa vitu vyake. Alikuwa amesikia kwamba nilipokuwa kazini Moshi nilikuwa nacheza gofu kila Jumamosi. Akaniletea begi zima, akasema nikazijaribu mpaka Jumapili jioni, nikizipenda tutaelewana. Nilipochomoa moja niliona uso wake wa kupigia umeelekea upande ambao sijawahi kuuona. Mhandisi alikuwa mashoto.

Hata mimi nilizaliwa mashoto. Nilipokuwa na miaka sita, mama alikuwa akiufunga mkono wangu wa kushoto kiunoni kwa kipande cha kanga kila wakati wa kula, mpaka wa kulia ukajifunza. Sikumbuki ulichukua muda gani. Nakumbuka fundo lilivyobana, wali ukimwagika mkekani, na ndugu zangu wakicheka. Kule Moshi fimbo zote zilikuwa za watu wa kulia, nikazichezea hivyo hivyo miaka kumi na moja, nikiwa wa mwisho miaka yote kumi na moja. Lakini nilikuwa na kisingizio changu na nilikitunza vizuri: siku nikipata fimbo za mkono wangu, mtaniona.

Nyumbani hapakuwa na pa kuchezea. Nikaazima wavu mkuukuu wa dagaa kwa jirani mvuvi, nikauning'iniza kati ya nguzo za kamba ya kuanikia nguo, ili mipira isiende kuua mtoto wa watu. Mvuvi aliniuliza kama nitawasha na taa, kama wavuliavyo dagaa usiku. Jumamosi asubuhi, baada ya kumlisha mama uji na kumkalisha barazani, nikasimama mbele ya wavu na fimbo namba saba, bega la kulia mbele kama mashoto wanavyosimama. Moyo ulikuwa unadunda kama wa mtu aendaye kufunga ndoa, na mimi ni mtu wa miaka hamsini na moja.

Nilikosa. Nikakosa tena. Mara ya tatu nikang'oa pande la ardhi, mpira ukabaki pale pale unaniangalia. Nikabadilisha fimbo, nikachukua fupi, nikachukua ile nene ya kupigia mbali, nikarudi kwenye namba saba. Mikono haikujua la kufanya. Wa kushoto ulikuwa dhaifu na mzito, wa kulia ulikuwa unaingilia kila kitu. Kufikia saa nne nilikuwa na malengelenge mawili, na mipira miwili tu ndiyo iliyogusa wavu, mmoja kwa kuviringika. Nilijisikia vibaya sana, siyo kwa sababu ya mchezo. Kisingizio changu cha miaka yote hiyo kilikuwa kimekufa mbele ya kuku.

Mama alikuwa ananitazama muda wote. Akasema mchagua jembe si mkulima.

Ningeweza kucheka, maana alikuwa na haki. Lakini nilikuwa nimechoka, na uchovu hauna adabu. Nikamwambia, "Mkono huu ungejua, mama. Wewe ndiye uliyeufunga."

Mchana alikula vijiko vinne akageuza uso. Jioni hakula kabisa, nami sikumbembeleza. Nililala na hasira na aibu, na sikujua ipi ni kubwa.

Jumapili nilichukua fimbo tena, sijui kwa nini, labda kwa kuwa zilikuwa za kurudishwa jioni. Nilipoingia ndani saa saba kuchukua bakuli la wali na mchuzi, mama alikuwa amekaa mkekani, kanga ya kifuani ameifunga upya.

"Weka hapa chini," akasema. "Shusha pazia. Utoke, na usinitazame mpaka nikuite."

Nikatoka. Nilisimama mbele ya wavu, mgongo nimeupa mlango, nikapiga mipira bila kuangalia inaenda wapi. Nyuma yangu nilisikia kijiko kikigonga bakuli, kikaanguka, kikaokotwa. Nilisikia akimtaja Mungu. Kikaanguka tena. Mara mbili nilitaka kugeuka, na mara mbili nilijizuia. Nilipiga mpaka mipira ikaisha, nikaiokota, nikaanza upya, naye hajaita bado.

Aliponiita, wali ulikuwa mkekani, mapajani, na shavuni. Bakuli lilikuwa nusu. Nilichutama nianze kufuta, akanizuia.

"Kesho nenda Kalinzi, mwana wanje," akasema, akiniita mwanangu kwa Kiha. "Mke wa kaka yako ataniwekea tu, kisha atoke." Akaangalia ule mchuzi kwenye kanga. "Nilipokuwa nakufunga, ulikuwa unaumia?"

Nikamwambia nilizoea.

"Sikukuuliza hivyo."

Nilikaa mkekani kando yake, juu ya wali. Malengelenge yalikuwa yamepasuka na mikono inawaka.

"Ndiyo, mama. Nilikuwa naumia."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kisha akakitafuta kijiko.