Ng'ombe Apande Lori kwa Miguu Yake

Mwaka ule wa ukame nilikuwa mke mpya huku kijijini Nuu, na mimba yangu ilikuwa imeshakuwa kubwa. Mume wangu alikuwa kibarua Mombasa. Nyumbani tulibaki mimi na mama mkwe, mjane wa maneno machache, na ng'ombe jike mmoja, wa mwisho kati ya wale walioachwa na baba mkwe.

Chifu alitangaza barazani kwamba serikali ingenunua ng'ombe waliodhoofika, ili tupate chochote kabla mifugo haijaisha. Bei ilikuwa nzuri kuliko tulivyotarajia. Sharti lilikuwa moja: ng'ombe apande lori kwa miguu yake mwenyewe. Atakayelala chini hanunuliwi.

Tulitoka asubuhi, mama mkwe akivuta kamba, mimi nikimsukuma ng'ombe polepole kwa nyuma. Sokoni tulikuta foleni imezunguka boma lote la mifugo. Mfanyabiashara mmoja kutoka Garissa alikuwa akipita kati ya watu, akiwaambia wenye ng'ombe wanaotetemeka wamuuzie yeye kwa bei ya chini badala ya kukosa vyote. Mama mkwe hata hakumtazama.

Jua likapanda. Ofisa wa mifugo alikuwa karibu kutufikia, ng'ombe wetu alipoanza kukunja magoti ya mbele. Mama mkwe akamwegemeza kwa bega. Nami bila kuambiwa nikazunguka upande wa pili, nikamwegemeza kwa mgongo, nikakita miguu mchangani. Nilisikia mbavu zake zikipanda na kushuka mgongoni mwangu. Foleni iliposogea, tulimsogeza hivyo hivyo. Uzito ukazidi kuhamia kwangu. Tumbo likakaza, likaachia, likakaza tena. Ofisa alikuwa anamkagua fahali wa jirani yetu aliyekuwa mbele, nikajiambia ni kitambo kidogo tu.

Mama mkwe akachungulia juu ya mgongo wa ng'ombe, akaniona uso.

"Toka hapo," akasema.

Nikamwambia tumeshafika.

"Nimesema toka. Akikuangukia, nitamwambia nini mwanangu?"

Nikatoka. Naye akaondoa bega lake. Ng'ombe akapiga magoti, kisha akalala ubavu, shingo ikanyooka vumbini. Ofisa alipofika alimgusa kwa fimbo, akatikisa kichwa, akamwita aliyekuwa nyuma yetu. Mfanyabiashara naye alitazama mara moja, akaenda zake.

Niliketi kwenye kivuli cha lori nikisubiri tumbo litulie. Likatulia, binti yangu alingoja mpaka wakati wake. Mama mkwe alikuwa ameshaomba kisu. Watu wakamsaidia kuchinja na kuchuna, na nyama ilikuwa kidogo, lakini aliwagawia wote waliosaidia. Nilitaka kumwomba radhi, sikujua kwa kosa lipi.

Jirani yetu, ambaye fahali wake alikuwa amepita, alirudi kutoka dukani na gunia la mahindi. Alikifungua kiondo cha mama mkwe, kikapu chake cha kusuka, akamimina mpaka kikajaa, akafunga gunia lake na kushika njia.

Nilipoinama kukichukua kiondo, mama mkwe aliushika mkono wangu akauondoa. Akakibeba mwenyewe mgongoni, ukanda wake ukiwa kichwani, ngozi mbichi begani, na nyumbani kulikuwa mbali.

"Tangulia," akaniambia. "Tembea mbele yangu, nikuone."